Kasapa na mashine isiyosikia "sitaki"

Mtu wa mbali akisikia jina Kasapa hufikiria gereza. Mwenyeji wa Lubumbashi hufikiria pia chuo: kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichozaliwa zama za Wabelgiji katikati ya miaka ya 1950, kikamezwa na chuo kikuu cha taifa la Zaire mwaka 1971, kisha kikarudi kujitegemea mwaka 1981. Katika mabweni yake, ambayo wanafunzi huyaita "home", chumba hulaza watu wengi kuliko vitanda. Asiyepata kitanda rasmi hujibanza kwa rafiki, naye ana jina lake: maquisard. Umeme hukatika, mega huisha, na simu yenye chaji hugeuka kuwa mali ya chumba kizima. Mmoja ataiomba atafute somo la takwimu, mwingine mahubiri, wa tatu mabao ya TP Mazembe, wa nne vichekesho vya Kinshasa. Kesho yake mwenye simu anafungua YouTube au TikTok na kupokelewa na mchanganyiko wa matamanio ya watu wote hao, umeongezewa ajali za barabarani, ugomvi wa wanasiasa na wachungaji wanaotabiri vifo.

Anatafuta kitufe cha kukataa. Kipo, kimejificha nyuma ya nukta tatu, kimeandikwa Kifaransa: "Pas intéressé". Anakibonyeza, na simu inamjibu kwamba imesikia. Baada ya muda video ya namna ile ile inarudi kupitia chaneli nyingine, na kwa kuwa inajicheza yenyewe, sehemu ya mega imekwenda kabla kidole hakijafika. "Mi shitaki bile bintu," atasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hakuna binadamu atakayeshindwa kuelewa maneno hayo. Mashine haiyaelewi, na sababu zake zinajulikana na zinaweza kurekebishwa. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Tuanze na historia, maana ina somo. Mifumo ya mapendekezo ilizaliwa ikiwa vichujio. Mwaka 1992 watafiti wanne wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, David Goldberg, David Nichols, Brian Oki na Douglas Terry, walieleza mfumo waliouita Tapestry. Shida yao ilikuwa barua pepe. Zilikuwa zinawafurika kiasi kwamba zile muhimu zilipotelea katikati ya zisizo na maana. Wakafikiri: kwa nini wasomaji wasisaidiane? Aliyeisoma barua aweke alama, na wenzake watumie alama hiyo kuamua kipi kiwafikie na kipi kisiwafikie. Miaka miwili baadaye mradi wa GroupLens, uliowaunganisha watafiti wa MIT na Chuo Kikuu cha Minnesota, ukapeleka wazo hilo kwenye makundi ya habari ya Usenet, ambako msomaji aliupa kila ujumbe alama kuanzia 1 hadi 5. Lengo lilikuwa kumpunguzia mtu mzigo.

Jina la mbinu hiyo, uchujaji wa pamoja, bado lipo katika vitabu vya fani. Kazi yake ndiyo iliyogeuzwa. Mwaka 2012 YouTube ilianza kupanga video kwa kuangalia muda ambao watazamaji wanakaa nazo badala ya idadi ya mibonyezo. Muda wa mtu ukawa ndio kipimo, na kichujio kilichobuniwa kumlinda mtu na wingi wa vitu kikawa mfereji wa kumletea vingi zaidi.

Ndani ya mfereji huo, "sitaki" ina thamani gani? Hapa inabidi nimwombe msomaji avumilie hesabu kidogo. Mwaka 1971 J. J. Rocchio alichapisha kanuni ya kumsaidia mtu anayetafuta hati kwenye kompyuta. Mtu anaonyeshwa matokeo, anasema hili linanifaa, lile halinifai, na kompyuta inalisogeza swali lake karibu na yaliyomfaa na mbali na yasiyomfaa. Vitabu vya kufundishia vinavyoeleza kanuni hiyo hupendekeza vipimo hivi: yaliyomfaa yapewe uzito wa 0.75, yasiyomfaa 0.15. Yaani upande wa "ndiyo" una uzito mara tano ya upande wa "hapana". Sababu yake ni ya kisayansi na haina hila: vitu anavyovipenda mtu aghalabu hufanana, ilhali anavyovikataa vimetawanyika kila upande, kwa hiyo kukataa hakuelekezi sana mahali pa kwenda. Kwa mtafuta hati mpangilio huo unafaa. Kwa mtu asiyetaka kuonyeshwa maiti, haufai hata kidogo, kwa sababu yeye haombi kuelekezwa popote. Anaomba kitu kiondoke.

Kuna njia mbili za kumtii mtu huyo. Ya kwanza ni kuipunguzia video alama. Tuseme mashine imekadiria kwamba una uwezekano wa 0.92 wa kuitazama video fulani. Umebonyeza "sitaki", nayo ikaondoa 0.2. Zikibaki 0.72, na siku hiyo video nyingine zote ziko chini ya 0.6, ile uliyoikataa inarudi juu ya orodha. Hakuna aliyekudanganya kwa makusudi. Kukataa kwako kulihesabiwa kama maoni, maoni yakapimwa na maoni mengine, yakashindwa. Njia ya pili ni ukuta: kilichokataliwa kinaondolewa kabla hesabu ya alama haijaanza, na hata kikiwa na alama kubwa kuliko vyote duniani hakipiti. Mhandisi anaweza kuijenga yoyote kati ya hizo mbili. Ninachosema katika makala haya yote ni kwamba "sitaki" ya mtu lazima ijengewe ukuta.

Kwamba leo ukuta huo una matundu si hisia za wanafunzi wa Kasapa peke yao. Septemba 2022 taasisi ya Mozilla ilitoa utafiti uliowashirikisha watu 22,722 waliokubali kurekodi mapendekezo waliyopewa na YouTube. Zilikusanywa video zaidi ya milioni 567 zilizopendekezwa. Watafiti walilinganisha waliobonyeza vitufe vya kukataa na wale ambao vitufe vyao havikutuma chochote. Kitufe cha "sivutiwi" kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo mabaya yaliyofanana na lile lililokataliwa. Kidole gumba cha chini kilizuia asilimia 12. Kufuta video kwenye historia kulizuia asilimia 29. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni kile cha kuikataa chaneli nzima, nacho kilifikia asilimia 43, yaani chini ya nusu. Mwaka mmoja kabla, taasisi hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha kwamba video ambazo watu walijuta kuzitazama ziliripotiwa kwa kiwango cha juu kwa asilimia 60 katika nchi ambazo Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kongo ni mojawapo ya nchi za aina hiyo.

YouTube ilijibu kwamba vitufe vyake havikukusudiwa kufuta mada nzima wala mitazamo mizima, kwa sababu kufanya hivyo kungemfungia mtu ndani ya mwangwi wa fikra zake mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mji uliowahi kugawanyika kama Lubumbashi unahitaji watu wanaosikia upande wa pili. Lakini aliyefiwa juzi akikataa video za damu hajajifungia katika mtazamo wowote. Mlevi aliyeacha pombe akikataa matangazo ya bia haikimbii hoja. Kampuni inaweza kabisa kutofautisha kukataa fikra na kukataa karaha, na pale isipoweza, imuulize mwenyewe. Mtu mzima ana haki ya kuamua kipi kiingie chumbani kwake, na haki hiyo haipotei kwa sababu mlango wa chumba ni kioo cha simu.

Kwa nini basi ukuta ni mgumu kujengwa? Sehemu ya jibu ni biashara, na hiyo ni wazi. Sehemu nyingine ni ufundi, nayo inastahili kuelezwa vizuri, hasa kwa vijana wa Polytechnique na wa hisabati na informatiki ambao kesho watajenga mifumo kama hii kwa ajili ya maduka, maktaba na redio za kwetu.

Mfumo mkubwa wa mapendekezo hufanya kazi kwa hatua. Wahandisi wa YouTube walieleza wa kwao mwaka 2016: hatua ya kwanza huokota mamia ya video kutoka mamilioni, hatua ya pili huzipanga kwa alama na kubakiza chache. Ukiweka kichujio mwisho kabisa, baada ya kumi bora kuchaguliwa, huenda saba kati yake zikawa zimekataliwa, ukabaki na tatu na kioo kitupu. Mhandisi mwenye haraka atajaza nafasi kwa vinavyopendwa na wengi, na vinavyopendwa na wengi mara nyingi ndivyo vile vile vilivyokataliwa. Dawa ni kuchuja mapema, na kuokota vingi zaidi mwanzoni ili baada ya mchujo bado vibaki vya kutosha.

Tatizo la pili ni kumbukumbu. Kuweka orodha ya kila kitu alichokikataa kila mtu, na kuipekua kila anapofungua simu, kunagharimu. Mwaka 1970 Burton Bloom alibuni namna ya kufupisha orodha ndefu kuwa safu ndogo ya biti. Ukiiuliza kama kitu fulani kimo, inaweza mara moja moja kusema kimo wakati hakimo. Haiwezi kamwe kusema hakimo wakati kimo. Fikiria maana yake hapa. Kosa pekee linalowezekana ni kumnyima mtu video moja isiyo na hatia, ambayo hata hakujua ipo. Kosa la kumrudishia alichokikataa halitokei. Mara chache hesabu na heshima hukubaliana kwa urahisi namna hii, na ufundi wenyewe una umri wa zaidi ya nusu karne.

La tatu ndilo linalowachosha watu zaidi: nakala. Video ya mauaji ikipakiwa na chaneli ishirini, kwa mashine ni vitu ishirini, kila kimoja na namba yake. Umekikataa kimoja, kumi na tisa viko huru. Hapo namba haitoshi. Lazima kichujio kitambue maudhui yenyewe, picha na sauti, hata yakikatwa au kuandikwa maneno juu yake. Kampuni hizi zinao uwezo huo. Kwa miaka mingi zimekuwa zikiutumia kutambua muziki na filamu za wenye hakimiliki ndani ya video za watu wengine. Kinachotumika kulinda mali ya studio kinaweza kulinda pia usingizi wa mwanafunzi.

Kisha kuna lugha, na hapa Katanga, eneo lenye Lubumbashi, ina ushahidi wake wenye uchungu.

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa migodi na reli, walifukuzwa majumbani mwao. Waliong'olewa ni mamia ya maelfu. Walirundikana kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na wengi walifia safarini. Kabla ya fimbo na moto yalitangulia maneno, na mojawapo lilikuwa "bilulu": wadudu. Nalitaja kwa sababu ni jaribio zuri la kichujio chochote kinachodai kutulinda. Mashine iliyofundishwa Kiswahili cha Dar es Salaam au Mombasa hailijui, kwa hiyo jina hilo likirudi leo katika hotuba ya chuki, litapita bila kuguswa. TikTok tangu 2022 inamruhusu mtumiaji kuandika maneno asiyotaka kuyaona. Mwanafunzi mwenye jina la Kikasai anaweza kuliweka "bilulu" kwenye orodha yake. Lakini kichujio hicho kinasoma maandishi, maelezo na alama za reli zilizowekwa chini ya video, na mchochezi anaongea kwa mdomo. Na ukikaza zaidi, mwanafunzi huyo akiwa anasoma kilimo atakosa video inayomfundisha mkulima kupambana na bilulu wanaokula mahindi. Neno lile lile ni somo shambani na ni kisu mkutanoni. Orodha ya maneno haitoshi kulitofautisha. Kinachohitajika ni mashine iliyosikia Kiswahili cha Katanga kikisemwa, kikichanganywa na Kifaransa, Kiluba na Kibemba, katika sokomoko la maisha halisi.

Mashine hiyo bado. Mwaka 2022 Meta ilitangaza kielelezo cha kutafsiri lugha 200. Ndani yake mna Kilingala, Kibemba na Kiluba cha Kasai, jambo la kusifiwa. Kiswahili kimo kimoja tu, na si hiki kinachozungumzwa Kenya ya Lubumbashi, ule mtaa wetu wenye soko na uwanja wa mpira. Chuo kilicho Kasapa, chenye idara za lugha na za kompyuta, kina kila sababu ya kuwa mahali pa kukusanyia sauti hizo na kuzipa alama. Sijui taasisi nyingine yenye haki zaidi ya kazi hiyo.

Pale mashine inaposhindwa, kazi humwangukia binadamu, na katika eneo letu binadamu huyo alikaa Nairobi. Kuanzia 2019 hadi 2023 kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kukagua maudhui ya Facebook. Walitazama kwa zamu yale ambayo sisi tusingependa kuyaona hata mara moja: kuchinjwa, kubakwa, watoto kuteswa. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi katika mahakama ya Kenya, na mwaka uliofuata zaidi ya wafanyakazi 180 wakafungua ya kwao. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na daktari na kukutwa na msongo mkali unaofuata mshtuko wa akili. Mtu anayesema uchujaji ni jambo dogo la mipangilio ya simu na awakumbuke hao. Kila kitu kibaya ambacho hakikutufikia, mara nyingi kilimfikia mtu mwingine kwanza.

Serikali nazo zina kichujio chao, nacho ni kuzima. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima kwa karibu wiki tatu. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, X na TikTok hazikupatikana. Hatua kama hiyo huondoa uongo pamoja na habari za ndugu aliyeko vitani, somo la mtihani na biashara ya mama anayeuza kwa WhatsApp. Siwezi kuiita ulinzi. Kati ya kampuni inayoamua kila kitu kwa faida yake na serikali inayofunga kila kitu kwa hofu yake, mwenye simu hana pa kusimama, na nafasi hiyo ya tatu ndiyo ninayoidai.

Ulaya wameanza kuitengeneza. Sheria yao ya huduma za kidijitali, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Agosti 2023, inazitaka zimpe mtumiaji angalau njia moja ya kupangiwa vitu bila kutumia wasifu wake. Kongo nayo ina Kanuni ya Dijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima kuhusu data za watu. Hata hivyo, aliyeko Brussels, akiwemo Mlushois, yaani mwenyeji wa Lubumbashi, aliyehamia huko, ana kitufe ambacho mdogo wake aliyebaki Kasapa hana, ilhali wanatumia programu ile ile na mdogo mtu ndiye anayelipia kila mega kwa shida zaidi.

Kwa sasa, mwenye simu anaweza kufanya haya, na yana faida kuliko kubonyeza "Pas intéressé" mara mia. Azime kujicheza kwa video. Aikatae chaneli nzima badala ya video moja. Aingie kwenye historia afute zile zilizotazamwa na wageni wa chumba, au aisimamishe historia kabla ya kuazimisha simu. Kwenye TikTok aweke maneno yake ya kukataliwa kwa tahajia zote anazozijua, za Kifaransa na za Kiswahili cha hapa, na ikizidi aanze ukurasa upya. Uwezo huo upo tangu 2023.

Kwa anayejenga mfumo wake mwenyewe, hata kama ni programu ndogo ya kupendekeza vitabu vya maktaba au nyumba za kupanga mtaani Bel-Air, nashauri kipimo ambacho hakigharimu kitu: kila wiki ahesabu ni mara ngapi kitu kilichokataliwa kimemrudia aliyekikataa. Namba inayokubalika ni sifuri. Ikiwa moja, hiyo iandikwe kwenye daftari la hitilafu pamoja na seva kuanguka na malipo kupotea, na itafutiwe chanzo kabla ya kazi nyingine.

Na mamlaka ya mawasiliano mjini Kinshasa, inayotoa leseni na kuketi na kampuni hizi mezani, iziombe namba hiyo hiyo kwa ajili ya Kongo, mkoa kwa mkoa na lugha kwa lugha, Kiswahili cha Katanga kikiwa na safu yake.